Msimchoree mtaalamu duara: kwa wanaoanza kushika madai ya makosa ya picha za kitabibu

Juzi nilikuta juu ya meza ya kijana wetu mmoja barua aliyomwandalia mtaalamu wa radiolojia, yaani daktari msomaji wa picha za kitabibu, ambaye tulitaka atutolee ushahidi, ikiwa na picha mbili za kifua na mshale mwekundu uliochorwa kwa ustadi mkubwa kuelekea kwenye kivuli kinachodaiwa kutoonwa. Nilianza kuisoma nikiwa nimesimama, nikaimaliza nikiwa nimekaa. Barua hiyo niliwahi kuiandika mimi, karibu neno kwa neno, nayo iliniponza. Kwa kuwa hii ni mara ya tatu mwaka huu kuikuta ofisini, nimeona afadhali niandike haya mara moja kuliko kuyarudia kila anapopokelewa mgeni katika dawati la uzembe wa kitabibu. Bolam na Bolitho, zile kesi mbili za Uingereza zinazotoa kipimo cha uzembe wa daktari, mnazijua, na hati ya madai mnajua kuiandaa, kwa hiyo sitawarudisha darasani.

1. Kosa la kusoma picha halijawa uzembe mpaka mlithibitishe hivyo. Wateja wengi huja na ripoti ya pili yenye sentensi inayosema kwamba kipimo cha awali kikitazamwa upya uvimbe unaonekana, nanyi huipokea kana kwamba hospitali imekiri. Aliyeandika sentensi hiyo alikuwa anajua jibu tayari, na anayejua jibu huona mengi. Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani walipachika picha ya gorila ndani ya picha za CT (eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili tabaka kwa tabaka) za mapafu, gorila mwenye ukubwa wa mara 48 ya kinundu cha kawaida, wakawapa wataalamu wa radiolojia 24 kazi ya kutafuta vinundu. Wataalamu 20 hawakumwona gorila. Mawakili wa upande wa pili wanaipenda sana habari hiyo, na ipo siku mtasomewa mahakamani.

Msikimbilie kuipinga, kwa sababu ni ya kweli. Someni badala yake shauri la Penney, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1999, ambalo lilihusu slaidi za uchunguzi wa shingo ya kizazi zilizosomwa kuwa hazina tatizo. Mahakama ilitenganisha maswali ambayo ninyi huyachanganya katika aya moja. Kilichokuwapo kwenye slaidi ni suala la ukweli, na jaji ataliamua mwenyewe hata kama wataalamu wanapingana. Swali la kama msomaji mwenye umahiri wa kawaida angeweza kukikosa, au kukiona na bado akaandika kwamba hakuna tatizo, huja baada ya hapo. Hati ya madai inayosema tu kwamba daktari alishindwa kuona uvimbe haijajibu hata swali moja kati ya hayo.

2. Ombeni faili zenyewe. Picha iliyopigwa kwa simu huku filamu imeshikwa dirishani si ushahidi, ijapokuwa nimeletewa picha kama hizo na watu wenye shahada mbili. Mnachohitaji ni faili za DICOM, yaani picha zenyewe za kidijitali kama zilivyotoka kwenye mashine, kumbukumbu za PACS, mfumo wa hospitali wa kuhifadhi na kufungulia picha, zinazoonyesha nani alifungua picha na saa ngapi, fomu ya maombi ya kipimo, ripoti ya awali, na kila nyongeza iliyoandikwa baadaye pamoja na tarehe yake. Fomu ya maombi msiidharau, kwa maana daktari aliyeandika neno moja tu, kikohozi, amemnyima msomaji historia ambayo ingemfanya atazame mara mbili. Kijana mmoja mpendwa, ambaye leo ni wakili mzuri sana na kwa hiyo simtaji, aliwahi kuandaa hati ya madai ya kurasa kumi na moja akiilaumu hospitali kwa kugeuza upande wa kulia na wa kushoto, kumbe yeye ndiye aliyeishika filamu kinyume. Alama ya upande ilikuwa kwenye kona, imesomeka kinyume kama maandishi kwenye kioo, na watu wanne ofisini tulikuwa tumeipita, mimi nikiwa mmoja wao.

Kumbukumbu za mfumo zina faida nyingine. Shauri jepesi kuliko yote niliyowahi kushika halikuwa na picha yenye utata hata kidogo: msomaji aliona doa kwenye figo, akaliandika vizuri, akashauri kipimo kirudiwe, na ripoti ikakaa kwenye mfumo kwa miezi tisa bila daktari aliyeiomba kuifungua. Hatukuhitaji kubishana kuhusu macho ya mtu yeyote. Kwa hiyo kabla hamjamshtaki msomaji, ulizeni kama huenda alikuwa sahihi, na kosa likatokea baada ya ripoti kutoka mikononi mwake.

Tena lipo kosa la mashine au la mipangilio yake, ambalo si la macho wala la mawasiliano. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya kubainika kwamba wagonjwa 206 katika kituo kimoja walipata mionzi karibu mara nane ya kiwango kilichokusudiwa walipofanyiwa CT ya mtiririko wa damu kwenye ubongo, hali iliyoendelea kwa miezi 18. Wengine waligundua kwa kunyonyoka nywele. Katika shauri la namna hiyo mtatafuta kumbukumbu za vipimo vya mionzi, mipangilio ya mashine na mafunzo ya waendeshaji, na mtengenezaji wa mashine anaweza kuwa mdaiwa pamoja na hospitali.

3. Mtaalamu wenu asijue jibu kabla ya kusoma picha. Hapa mtanivumilia.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilipokea shauri la mwalimu mmoja aliyepigwa eksirei ya kifua kabla ya upasuaji mdogo wa goti. Ripoti ilisema mapafu hayana tatizo. Miezi 13 baadaye alianza kukohoa damu, CT ikaonyesha uvimbe katika sehemu ya juu ya pafu la kulia, na aliyeisoma akaandika sentensi ile ile mnayoifurahia, kwamba eksirei ya awali ikitazamwa upya kivuli kilikuwapo. Nililihesabu shauri hilo kuwa limekwisha kabla halijaanza. Nilimtafuta mtaalamu, mzee mwenye heshima na uzoefu mrefu, nikamwandikia barua ya kurasa nne iliyomweleza ugonjwa, majibu ya maabara, mwenendo wa matibabu, na hata majonzi ya familia, ambayo sijui nilidhani yatamsaidiaje kusoma pafu. Ndani ya bahasha nilitanguliza CT, eksirei ikawa chini yake. Kisha, kwa kuhofia kumpotezea mzee wa watu muda, nilichapisha nakala ya eksirei na kukizungushia kivuli duara kwa kalamu nyekundu.

Alijibu baada ya wiki moja: kivuli kiko wazi, msomaji yeyote makini angekiona. Nilifurahi kiasi cha kuisoma ripoti hiyo kwa sauti mbele ya makarani. Na kwa kuwa nilitaka jalada langu lionekane kamili, niliiambatisha barua ya maelekezo nyuma ya ripoti, pamoja na nakala yenye duara. Hakuna aliyenilazimisha.

Wakili wa upande wa pili hakupandisha sauti hata mara moja. Alimwuliza mzee ni picha ipi aliyoifungua kwanza, na mzee, ambaye hakuwa na mazoea ya kusema uongo na hakuyaanza siku hiyo, akajibu kwamba ni CT, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa juu. Aliulizwa husoma eksirei ngapi kwa siku anapokuwa kazini. Akasema kuna siku hufika mia. Aliulizwa ni ngapi kati ya hizo humfikia zikiwa na duara jekundu. Mtu mmoja alicheka nyuma yangu, na inaniuma kusema kwamba alikuwa karani wangu. Ndipo likaja swali la mwisho: bila CT na bila duara, anaweza kuapa kwamba angekiona kivuli hicho? Mzee aliitazama picha kwa muda ambao mimi niliuona kama alasiri nzima, akasema kwamba hawezi kuapa.

Wao walikuwa wamefanya kazi ambayo ilikuwa yangu. Eksirei ile waliichanganya na nyingine 40, wakawapa wasomaji watatu wasiojua lolote kuhusu shauri, na wawili kati ya hao waliipita bila kuandika kitu. Kisha wakamleta daktari wa saratani aliyeeleza kwa utulivu kwamba, kwa ukubwa wa kivuli cha mwanzo na aina ya uvimbe uliopatikana, matibabu yangekuwa karibu yale yale hata kama ungegunduliwa siku ya eksirei. Mimi sikuwa na daktari wa saratani. Nilikuwa na duara.

Tulikubaliana nje ya mahakama jioni hiyo hiyo, kwa kiasi ambacho baada ya gharama hakikumsaidia mteja chochote cha maana. Tulipokuwa tunashuka ngazi aliniuliza, bila hasira, kama basi daktari yule hakukosea. Nilimjibu kwa maneno mengi ya kisheria. Jibu la kweli ni kwamba sikujua, na kwamba mimi ndiye niliyefanya lisijulikane, kwa sababu jicho lile la mzee, ambalo lilikuwa jicho zuri sana, lingeweza kuisoma eksirei hiyo bila kujua jibu mara moja tu, nami niliitumia nafasi hiyo kwa kalamu nyekundu. Huenda angekiona kivuli. Huenda shauri lile lilikuwa la kushinda. Nimelifikiria mara nyingi kuliko mashauri yote niliyoshinda.

Tangu hapo mtaalamu wangu hupata kwanza picha ya awali peke yake, ikiwa imechanganywa na nyingine za umri na aina inayofanana zilizoondolewa majina, pamoja na maelezo yale tu yaliyokuwa kwenye fomu ya maombi. Anaandika ripoti kama anavyoandika siku ya kawaida ya kazi, anaitia sahihi na tarehe, ndipo anapewa bahasha ya pili. Kifurushi huandaliwa na mtu asiyelijua shauri. Mkiniambia kwamba utaratibu huo unachelewesha mambo kwa wiki mbili, nitawasikiliza kwa heshima zote na kuwaambia mrudi mkaufanye.

4. Usababishi, yaani kama kosa ndilo lililoleta madhara, uangaliwe kabla ya uzembe, hasa katika saratani. Katika Gregg dhidi ya Scott, mwaka 2005, kuchelewa kwa matibabu kulishusha nafasi ya mgonjwa kupona kutoka asilimia 42 hadi 25, na bado wengi wa majaji wa ngazi ya juu kabisa ya Uingereza walikataa kumpa fidia, kwa kuwa hata kabla ya uzembe nafasi yake ilikuwa chini ya nusu. Mataifa mengine hayakuifuata njia hiyo, Ufaransa ikiwa mojawapo, ambako nafasi iliyopotea hulipiwa kama hasara inayojitegemea. Kwa hiyo jueni mahakama yenu imesimama wapi kabla hamjamwahidi mteja chochote. Kama saratani haiwapi usababishi, tafuteni upande mwingine: maumivu ya miezi ya ziada, upasuaji mkubwa zaidi, dawa kali ambazo zingeepukwa. Fidia ya madhara hayo huwa ndogo, lakini huthibitika.

5. Msimpeleke kila mteja mahakamani. Wapo wanaotaka maelezo na kuombwa radhi, na hao malalamiko ya maandishi kwa hospitali huwafikisha mapema zaidi. Malalamiko kwa baraza la taaluma yanaweza kumfikisha daktari kwenye nidhamu, lakini kwa kawaida hayamlipi mgonjwa, jambo ambalo mteja anapaswa kulisikia kutoka kwenu siku ya kwanza. Upatanishi hufaa pale picha zinapoweza kubishaniwa na gharama za wataalamu zinapotishia kuimeza fidia. Wenzetu wa New Zealand, kupitia mfuko wao wa fidia ya ajali ulioanza kazi mwaka 1974, hawahitaji kuthibitisha uzembe kwa madhara ya matibabu, na nakiri kwamba kuna jioni nawaonea wivu. Pale ambapo picha ilisomwa na mtu aliye nchi nyingine kupitia mtandao, angalieni mkataba kati yake na hospitali kabla ya kuamua nani awe mdaiwa. Mara nyingi hospitali iliyompokea mgonjwa ndiyo njia fupi.

6. Ukomo wa muda wa kufungua madai. Uingereza ni miaka mitatu, ikihesabiwa tangu madhara yalipotokea au tangu mgonjwa alipojua au alipopaswa kujua. Kwingine huwa mfupi zaidi, na mashauri dhidi ya serikali aghalabu hudai notisi kwanza. Andikeni tarehe hiyo kwenye jalada kabla hata ya jina la mteja.

Barua ya juzi nimemrudishia aliyeiandika, na mshale nimemwomba aufute mwenyewe. Ameniuliza picha ya pili iko wapi. Iko kwenye kabati langu, ndani ya bahasha iliyofungwa, na ufunguo ninao mimi mpaka ripoti ya kwanza irudi ikiwa na sahihi.