Mama anakwenda Hija: yaliyotokea Ulaya mwaka 2009 yanaihusu chanjo yake ya mafua?

Swali: Assalamu alaykum. Mama yangu ana umri wa miaka 68 na inshallah mwaka huu anakwenda Hija. Ameshauriwa achanje homa ya uti wa mgongo pamoja na mafua, lakini ndugu zangu wanaipinga hiyo ya pili. Wanasema kwamba homa ya nguruwe ya mwaka 2009 ilikuwa mafua ya kawaida yaliyokuzwa ili makampuni yauze dawa, kwamba chanjo yake iliwatia watoto wa Ulaya maradhi ya usingizi, na kwamba chanjo za mafua zina kitu cha nguruwe ndani yake. Lipi la kweli? (Msomaji, Wete, Pemba)

Jibu la mfamasia: Wa alaykum salaam, dada yangu. Nianze na la watoto wa Ulaya, kwa kuwa kati ya hayo matatu ndilo lenye ukweli mwingi zaidi, na wenzangu wengi katika fani hii hulikwepa kwa kuchelea kuwatisha watu. Hapa lisemwalo lipo.

Mwezi wa Agosti 2010, Finland na Sweden zilitoa taarifa kwamba watoto na vijana waliochanjwa kwa chanjo ya homa hiyo ya nguruwe iitwayo Pandemrix walikuwa wakipatwa na nakolepsi kupita kiasi cha kawaida. Haya si malale yanayoletwa na mbung'o. Nakolepsi ni maradhi ya kudumu yanayotokana na kufa kwa seli za ubongo zinazotengeneza haipokretini, kemikali inayomweka mtu macho, hata mtoto akawa anasinzia darasani au mbele ya sahani ya chakula, na wengine hulegea magoti wakicheka. Finland ilikadiria mgonjwa 1 wa ziada kwa kila watoto na vijana 16,000 waliochanjwa, wa umri wa miaka 4 hadi 19. Ulaya nzima watu wapatao milioni 30 walipata chanjo hiyo, na mwezi wa Julai 2011 Wakala wa Dawa wa Ulaya ulizuia matumizi yake kwa walio chini ya miaka 20, isipokuwa kwa dharura maalumu. Leo haiuzwi tena.

Kilichobaki kwenye mjadala ni sababu yake. Pandemrix ilikuja katika vichupa viwili vilivyochanganywa kabla ya kudunga, kimoja kina sehemu za kirusi na cha pili kina kichangamsha kinga kiitwacho AS03, ambacho ndani yake mna vitamini E na skwaleni itokayo kwenye ini la papa (naam, ini lile lile linalotoa mafuta ya sifa ya kupaka madau). Skwaleni ndiyo iliyotupiwa lawama mwanzoni, lakini chanjo nyingine ya mafua yenye skwaleni ilikuwa ikidungwa wazee wa Ulaya tangu 1997 bila ya kuonekana jambo hilo. Kwa upande wa pili, takriban wagonjwa wote walikuwa na aina moja ya jeni ya kinga ya kurithi, na mjini Beijing nakolepsi iliongezeka baada ya wimbi la mafua hayo miongoni mwa watu ambao wengi wao hawakuchanjwa kabisa. Kwa hivyo mimi naona kirusi chenyewe kina sehemu yake katika lawama, na AS03 huenda iliikoleza. Marekani, ambako chanjo za mwaka ule hazikuwa na kichangamsha, ongezeko hilo halikuonekana.

Sindano ya msimu ambayo mama atapewa haina AS03, na umri wake si ule ulioathirika zaidi. Linalonishughulisha mimi kwa mtu wa miaka 68 ni jingine: kupooza kunakoanzia miguuni na kupanda juu, kuitwako Guillain-Barré. Mwaka 1976 Marekani iliwachanja watu wapatao milioni 45 dhidi ya mafua ya nguruwe yaliyozuka kambini Fort Dix, ikaonekana takriban mgonjwa 1 wa ziada kwa kila watu 100,000, na mwezi wa Disemba kampeni ikasimamishwa. Kwa chanjo za sasa hesabu hiyo imeshuka hadi mmoja au wawili kwa kila watu milioni moja, na mafua yenyewe husababisha kupooza huko zaidi ya sindano. Hata hivyo, kama mama aliwahi kupooza namna hiyo, daktari ajue kabla ya yote.

Kuhusu nguruwe, jilatini yake, yaani protini inayochemshwa kutoka ngozi na mifupa, hutumika katika chanjo ya mafua ya kupuliziwa puani, ambayo hupewa watoto na vijana, wala wazee wa umri wake hawapewi. Sindano za msimu kwa kawaida hazina jilatini; nyingi hukuzwa katika mayai ya kuku. Mwombeni mhudumu afungue karatasi ya maelezo iliyomo kwenye boksi awasomee viambato.

Na kwamba mambo ya 2009 yalikuzwa? Shirika la Afya Duniani lilificha majina ya wajumbe wa kamati yake ya dharura, iliyolishauri kuhusu mlipuko huo, mpaka Agosti 2010, na Baraza la Ulaya likalilaumu, kwa haki kabisa. Lakini usiri wa kamati hauwafufui waliokufa. Vifo vilivyothibitishwa maabara vilikuwa takriban 18,500, na makadirio ya baadaye ya mwaka wa kwanza yalikuwa kati ya 151,700 na 575,400, wengi wao wakiwa chini ya miaka 65. Mafua ya kila mwaka huwaua zaidi wazee, na Makka mama atabanana na watu kutoka kila pembe ya dunia.

Chanjo ya uti wa mgongo ni sharti la Saudia na idungwe angalau siku 10 kabla ya kufika. Ya mafua inahitaji wiki mbili hivi ili kinga ijijenge. Zote mbili zaweza kudungwa siku moja, kila mkono na yake. Mkono ukiuma au joto likapanda kidogo kwa siku moja au mbili, panadoli inatosha. Akivimba uso au akibanwa pumzi dakika chache baada ya sindano, hilo ni la kutibiwa pale pale, kwa hivyo asiondoke kituoni mpaka ipite nusu saa.