Uzalendo na utaifa: mama, mwanao ana haki ya kuuliza tena

SWALI: Mhariri, binti yangu wa kidato cha tatu aliniuliza tofauti kati ya uzalendo na utaifa. Nilimjibu kwamba ni maneno mawili ya jambo moja, lakini hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika. Naomba unifafanulie.
Mama wa wawili, Kayole, Nairobi

JIBU: Mama, binti yako ameuliza jambo zito. Taifa ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni kundi la watu. Utaifa haujaliacha kundi hilo: hutaka kwanza kujua nani ni wetu na nani si wetu. Mzalendo huanza kwa kujiuliza anaidai nini nafsi yake kwa ajili ya nchi iliyomlea.

Siudharau utaifa. Bila huo, waliounda vyama vya siasa vya KAU mwaka 1944 na KANU mwaka 1960 wasingewafanya watu wa lugha nyingi wasimame pamoja mbele ya mkoloni, wala bendera yetu isingepandishwa tarehe 12 Desemba 1963. Hatari huja baadaye, kundi linapoanza kutafuta wageni miongoni mwa wenyeji. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi hapa miongo mingi bila vitambulisho, mpaka walipotembea kwa miguu kuja Nairobi mwaka 2016 ndipo Rais akaagiza wapewe.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira. Mwaka 1989, serikali ilipotaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, aliandika barua kwa wakubwa wa hapa na hata kwa Balozi wa Uingereza, akakemewa vikali bungeni. Kwa mizani ya utaifa, kumwandikia mwakilishi wa nchi iliyotutawala ili kupinga mradi wa serikali yako mwenyewe ni usaliti. Mimi nauita uzalendo, kwa sababu alichokitetea ni ardhi ambayo mwananchi asiye na chochote huweza kukaa juu yake bila kulipa, na kwa ajili yake alikubali kutukanwa.

Wawekezaji wa kigeni walijiondoa, na jengo hilo halikujengwa. Siku mtakapokwenda mjini, mpeleke binti yako Uhuru Park, mketi kwenye nyasi, umsimulie kisa hiki hapo hapo.