Mirija ya Nyongo kwa Watoto Wachanga: Maswali Yenu na Majibu

Mwanangu ametimiza wiki sita na macho yake bado ni ya manjano. Nashauriwa niendelee kumwanika jua la asubuhi. Nisubiri hadi lini?

Usisubiri hata siku moja, mama. Manjano ya kawaida ya mtoto aliyezaliwa kwa miezi yake kamili huisha ndani ya wiki mbili hivi. Fungua nepi penye mwanga: ikiwa choo kimepauka mfano wa chokaa au uji mweupe, na mkojo unaacha doa la njano iliyokoza, huenda nyongo haifiki kwenye utumbo, na jua haliwezi kuzibua mrija. Omba kipimo cha damu kinachotenganisha aina mbili za bilirubini, yaani rangi inayoleta manjano, kwa kuwa jumla peke yake haionyeshi kama kuna kuziba. Uliza pia kuhusu vitamini K, kwa maana nyongo isipofika utumboni mwili hushindwa kuifyonza, na mtoto anaweza kuvuja damu, hata ubongoni.

Mirija ya mtoto wetu imeziba, na daktari anataka kumpasua tumbo. Je, tumtafutie kwanza hospitali inayopasua kwa kamera kupitia matundu madogo?

Naelewa uchungu wa mzazi anapofikiria kovu kwenye tumbo dogo namna ile, lakini hapa kovu si jambo la kwanza. Katika upasuaji alioueleza Morio Kasai wa Japani mwaka 1959, mirija iliyokufa huondolewa na kipande cha utumbo hupandishwa na kushonwa kwenye lango la ini, pale nyongo inapotokea, ili nyongo ichuruzike humo. Njia ya matundu imejaribiwa pia, na baadhi ya vituo vya Asia huisifu. Hata hivyo, huko Hannover, Ujerumani, utafiti uliolinganisha njia hizo ulisitishwa kabla ya wakati kwa sababu kati ya watoto waliofanyiwa kwa matundu, ni wachache zaidi waliobaki na ini lao wenyewe. Kinachookoa ini ni kuwahi, ikiwezekana kabla ya siku 60. Wiki mnazozunguka mkitafuta kamera, ini linazidi kuwa gumu.

Mtoto wa dada yangu, wa miezi minane, ana uvimbe wa mrija wa nyongo. Jibu ni hilo hilo?

La. Uvimbe huu, yaani mrija uliotanuka kama mfuko, ambao huwapata zaidi watoto wa kike, huondolewa vizuri kwa kamera na vyombo vyembamba vya milimita 3 hadi 5, mradi daktari awe mzoefu. Ni lazima utolewe wote pamoja na mfuko wa nyongo, kwani ukiachwa unaweza kuzaa saratani ukubwani. Daktari akilazimika kufungua tumbo katikati ya kazi, amechagua usalama wa mtoto.

Baada ya upasuaji wa Kasai, mtoto amepona?

Si wote, na wengi huja kuhitaji kupandikizwa ini. Akipata homa au choo kikipauka tena, mrudisheni siku hiyo hiyo. Kipimo cha malaria kifanyike, lakini mwelezeni daktari mara moja kwamba mtoto alipasuliwa, kwa sababu mirija iliyobaki ndani ya ini ikishambuliwa na bakteria huhitaji dawa ya mshipa bila kuchelewa.