Vidonge vya Jumapili, uchovu wa Jumatatu: nilivyobaki kazini na baridi yabisi

Dada, umesema una baridi yabisi ile ya rumatoidi, umeanzishiwa methotreksati, dawa ya kuutuliza ugonjwa huo, miezi mitano iliyopita, unameza Jumapili usiku, na Jumatatu unaamka kama uliyebeba magunia usiku kucha. Msimamizi wako ameshaanza maneno. Unauliza uache dawa au uache kazi.

Naona waliotangulia kukujibu wengi wanakwambia tupa vidonge, chemsha mizizi. Mimi nipo mwaka wa sita na dawa hiyo hiyo, na mwaka wa kwanza niliiacha kimyakimya, daktari hajui, mume hajui. Wiki tatu za mwanzo nilijiona mjanja. Jumatatu nyepesi, kichefuchefu hakuna. Wiki ya sita nikashindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji. Ya nane, binti yangu wa miaka tisa ndiye ananifunga sidiria asubuhi kabla hajaenda shule. Na uchovu? Ukarudi, tena mara mbili, kwa sababu huu ugonjwa ukiwaka unachosha wenyewe. Mwili unapigana na viungo vyake usiku na mchana, utakosaje kuchoka? Mimi nilikuwa nimevitwika vidonge mzigo wote.

Kwa hiyo kabla hujaacha chochote, jua kwanza unachoshwa na nini. Niliporudi kliniki (nikasemwa, nikanyamaza) daktari aliniambia niandike. Nikachukua daftari la mistari la mtoto, kila usiku naandika alama ya uchovu kuanzia sifuri mpaka kumi, saa nilizolala, na dawa nilizomeza. Mwezi ulipoisha nikaona kitu. Jumatatu ni 8, Jumanne mchana inashuka mpaka 4. Hiyo sawa, hiyo ni methotreksati, inajulikana kwa kuangusha mtu siku inayofuata. Lakini mbona Alhamisi ni 7? Mbona Ijumaa ni 7? Vidonge vya Jumapili havina mkono mrefu hivyo.

Nikapimwa damu. Kiwango cha damu (himoglobini) kilikuwa 8.4, wakati mwanamke anatakiwa awe na 12 kwenda juu. Chanzo ni mimi mwenyewe: miaka mitatu kabla ya kugundulika nilikuwa nakula diklofenaki, zile za maumivu, za duka la dawa kama karanga, mara nyingi tumbo tupu, na ziliendelea hata baada ya kliniki. Zikanichimba tumbo, damu inavuja kidogo kidogo bila mimi kuiona. Kisha kuna prednisoloni, dawa ya steroidi ya kushusha uvimbe wa viungo. Bahasha imeandikwa 1×1, haisemi saa ngapi, nikachagua usiku ili nisisahau. Ile dawa inafukuza usingizi! Nilikuwa nakodoa macho darini mpaka saa tisa usiku halafu nalaumu methotreksati. Nilipohamishia asubuhi baada ya kifungua kinywa, usingizi ulirudi ndani ya wiki. (Prednisoloni usiikate ghafla hata kama unaichukia. Inapunguzwa taratibu na aliyekuandikia.)

Baada ya kuongeza damu na kupata usingizi, Alhamisi ikashuka mpaka 3. Ikabaki Jumatatu.

Hapo ndipo kwenye swali lako hasa. Jumapili usiku ni muda mbaya kwa mtu wa kazi, unampa mwajiri siku yako mbovu kuliko zote. Wengi wanashauriwa Ijumaa usiku ili Jumamosi walale. Mimi ni keshia kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi Kariakoo, Jumamosi ndiyo siku ya mapambano, kwa hiyo Ijumaa haikunifaa. Nikamwomba daktari, akanihamishia Jumamosi usiku baada ya chakula, akanipangia na namna ya kuhama. Usijihamishie mwenyewe, na usimeze mara mbili eti unafidia. Sasa uchovu unanikuta Jumapili. Misa ya kwanza niliachana nayo, nasali ya jioni. Jumapili asubuhi sifui, sisongi, sipokei wageni, na mashemeji wameshazoea.

Foliki je, ile vitamini inayopunguza madhara ya methotreksati, unameza? Hukuitaja. Kama hujaandikiwa, uliza wiki hii hii. Kwangu ilimaliza vidonda vya mdomo na kichefuchefu, uchovu ilipunguza kidogo tu, nisikudanganye. Mimi nameza Jumatatu, siku tofauti na methotreksati. Kwenye duka la dawa yule kijana aliniambia "hizi ni za wajawazito, mama". Nikamwambia nipe tu. Halafu kazini kwa sababu ya kutapika na kusinzia walishanitangazia mimba, wakati hii dawa mtu hatakiwi kabisa kushika mimba akiwa anaimeza. Kama unapanga mtoto, hilo ni la kuzungumza na daktari miezi kadhaa kabla, siyo baada ya siku kupita.

Kichefuchefu kikizidi, kuna wanaogawa dozi mara mbili ndani ya siku hiyo hiyo, na kuna sindano ya chini ya ngozi ambayo wengine tumbo lao linaivumilia zaidi. Sijawahi kufika huko. Uliza.

Sasa niseme jambo ambalo siachi kulisema kila mtu akitaja dawa hii. Ni ya mara MOJA KWA WIKI. Mimi nameza vidonge sita vya miligramu 2.5, siku moja basi. Siku moja nilipewa bahasha imeandikwa 6×1. Mtu asiyejua anasoma "sita kila siku", na kwa wiki moja tu ya hivyo mtu anaweza kufa, uboho unaacha kutengeneza damu. Nilichukua peni palepale kaunta nikaandika kwa herufi kubwa JUMAMOSI TU. Na Septrin usiiguse. Najua kwetu kila kikohozi na kila tumbo ni Septrin, lakini ikikutana na methotreksati zinaharibu damu pamoja. Ukienda zahanati yoyote, sema unachomeza kabla hawajaandika. Vipimo vya damu, ini na figo usivikimbie, na hiyo mizizi waliyokushauri hapo juu ini lako ndilo litakaloilipa. Bia vilevile.

Turudi kwa bosi. Nilificha karibu mwaka. Jumatatu moja nikaandika 840,000 mahali pa 480,000, pengo likakatwa kwenye mshahara wangu, na mzee akauliza mbele ya watu kama siku hizi nakunywa. Niliumia. Lakini ndiyo iliyonifanya niombe barua kwa daktari. Ukimwambia bosi "naumwa", anasikia mtu anayetaka kutoroka kazi. Mimi niliingia ofisini na barua mkononi na maombi matatu tu: kufunga hesabu za wiki kuhamie Jumanne, kiti chenye egemeo badala ya stuli, na dakika ishirini zangu za mchana. Hakufurahi. Kiti alikataa, nikanunua mwenyewe. Mengine mawili akakubali, kwa sababu hayamgharimu kitu na pengo la hesabu lilikuwa linamgharimu.

Hizo dakika ishirini zina thamani kuliko zote. Nakwenda stoo, natandika maboksi ya vigae yaliyokunjuliwa, khanga juu, simu naitegesha iniamshe. Nikipitiliza naamka mzito, kwa hiyo ni ishirini siyo arobaini. Mwanzoni vijana wa stoo walinicheka, siku hizi wananizimia redio.

Asubuhi vidole vinakuwa vimekakamaa karibu saa nzima, na kushika bomba la mwendokasi kutoka Kimara nimesimama ilikuwa adhabu. Naamka saa kumi na nusu, naloweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu wakati chai inachemka, nadaka basi la mapema nipate kukaa. Jioni nashuka kituo kimoja kabla natembea. Hili nilibishana nalo sana, mtu aliyechoka atembeeje? Lakini siku nisizotembea, daftari linaonyesha alama juu.

Kuhusu kuacha kazi, hebu soma kwanza haki yako. Kama upo sekta binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya miezi 36: siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Unahitaji cheti cha daktari. Mimi nilizitumia kumi na moja tu, mwaka ule niliotoroka dawa.

Sasa nijibu na wewe: unameza vidonge vingapi, damu ulipima lini mara ya mwisho na ilikuwa ngapi, na hizo za maumivu unakula kila siku au siku zikikuzidia tu?