Phoenix, ya Kijapani au ya gia nyingi? Baiskeli ya kukaa wima kwa mtu mzima

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Ifakara. Nina miaka 47, urefu sentimita 158, uzito kilo 74. Kutoka nyumbani hadi shuleni ni kilomita 6, nusu lami, nusu vumbi, na masika ile ya vumbi inageuka tope. Kiuno kinanisumbua nikiinama muda mrefu, ndiyo maana nataka baiskeli ya kukaa wima. Navaa gauni au sketi. Nyuma nabeba madaftari, na siku nyingine kilo kumi za mchele. Nimeonyeshwa tatu: Phoenix mpya yenye bomba la juu, ya Kijapani ya mtumba yenye gia tatu, na ya gia nyingi yenye springi mbele, ambayo muuzaji anasema ataiinua usukani. Kila ninayemuuliza ananiambia lake. Nichukue ipi?

JIBU: Salama, mwalimu, na pole kwa kiuno. Chukua ya Kijapani, lakini kwa masharti mawili: kiti kiweze kupanda hadi kimo chako, na tairi zake uwe umeshahakikisha zinapatikana hapo Ifakara. Sharti moja likikosekana, iache, na nitakueleza chini cha kufanya.

Kwanza tuelewane kuhusu kukaa wima. Watu wengi hudhani mgongo ukinyooka kama ukuta, kiuno kimepona. Sivyo. Ukiinama, uzito wako hugawanyika kati ya mikono, kiti na pedeli. Ukinyooka kabisa, karibu wote unashuka kwenye kiti, na kila shimo unalopita linapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Kwa hiyo unachotafuta ni kuegemea mbele kidogo tu, viwiko vimelegea, mabega hayajapanda. Kiti kiwe kipana kiasi cha kubeba mifupa miwili ya makalio, na kiwe na springi chini yake. Kiti chembamba kinamfaa anayeinama. Wewe kitakuumiza kabla hujafika shuleni.

Sasa Phoenix. Naiheshimu sana baiskeli hii, pamoja na ndugu zake wa Kihindi, Hero na Avon. Zote zimefuata umbo la baiskeli za zamani za Kiingereza, na wanaobeba magunia ya mpunga bonde zima la Kilombero wana sababu ya kuzing'ang'ania. Hesabu spoku za zile zilizofuata mtindo wa Kiingereza kwa ukamilifu: mbele 32, nyuma 40. Gurudumu la nyuma limetengenezwa likijua litabeba mzigo. Foku yake imelala mbele, na umbali kati ya magurudumu ni mrefu, kwa hiyo kwenye vumbi inapita mashimo kwa upole kuliko baiskeli fupi. Ungeniambia unabeba gunia kila siku, nisingekuwa na jibu lingine.

Lakini wewe hubebi gunia, na una sketi. Bomba la juu litakulazimu kurusha mguu kwa nyuma, juu ya keria yenye madaftari, na mtu mwenye kiuno kibovu hapaswi kufanya hivyo mara nne kwa siku. Pia gurudumu la inchi 28 linaifanya fremu iwe ndefu kwa mtu wa sentimita 158. Ukisimama ghafla, bomba linakugusa pasipostahili. Ipo Phoenix ya kike, yenye bomba lililoshuka, na hiyo tungeweza kuizungumza. Jambo la mwisho ni breki za vyuma: mipira yake inavutwa juu kuibana rimu kwa ndani, na rimu ni ya chuma iliyong'arishwa. Ikilowa, unabana na baiskeli inaendelea kwenda. Ukiwa nayo masika, anza kubana mapema sana.

Ya gia nyingi nitaipitia haraka. Springi ya mbele kwenye baiskeli za bei ya chini ni uzito mtupu, na vumbi likishaingia inakaza au inalegea. Muuzaji anayesema atainua usukani anasema nusu ya kweli. Shina la usukani lina alama ya mwisho, na akilivuta kupita alama hiyo linaweza kuchomoka au kukatika ukiwa barabarani. Tena usukani wenyewe umenyooka. Hata ukiupandisha, mikono bado inaufuata mbele. Unaohitaji ni ule uliopinda kurudi nyuma, unaokufuata wewe.

Tuje kwenye ya Kijapani. Wajapani wenyewe huiita mamachari, na hilo "mama" lina maana ileile ya kwetu: ni baiskeli ya mama, imebuniwa kwa mtu anayepeleka mtoto shule na kurudi na mboga. Ndiyo maana bomba limeshuka chini, cheni imefunikwa, madigadi zipo na stendi ya nyuma inasimama imara. Karibu kila unacholalamikia kilishafikiriwa na aliyeichora. Cheni iliyofunikwa peke yake itakuokolea magauni mengi. Gurudumu la nyuma, hata hivyo, liwekee wavu pembeni ikiwa halina, maana khanga ikiingia kwenye spoku haimpi mtu nafasi ya kujitetea.

Gia tatu zilizo ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, ni neema kwa barabara ya vumbi, kwa sababu vumbi haligusi meno yake. Tuchukulie meno 32 mbele na 16 nyuma. Gurudumu la inchi 26 la tairi nyembamba lina mzunguko wa karibu mita 2.1, kwa hiyo kwenye gia ya pili mzunguko mmoja wa pedeli unakupeleka kama mita 4.2. Kwa habu ya Shimano Nexus ya gia tatu, gia ya kwanza inashusha hadi mita 3.1 hivi, na ya tatu inapandisha hadi 5.7. Kwa tambarare ya Ifakara utaishi kwenye ya pili, na ya kwanza ni ya siku za tope na upepo. Unapobadilisha, acha kukanyaga kwa sekunde moja. Ikianza kuteleza, usikubali fundi akuambie habu imekufa kabla hajaangalia waya: weka gia ya pili, tazama kidirisha kidogo kando ya ekseli ya nyuma, mstari wa alama ukae katikati yake. Mara nyingi tatizo huishia hapo.

Nyuma utakuta breki iliyofungwa ndani ya kopo. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kukupendekezea baiskeli hii kwa masika, kwa kuwa tope na maji havifiki kwa urahisi. Ikiwa ni ya mkanda, hupiga kelele, na watu huwa na hamu ya kuitia oili inyamaze. Usithubutu, maana itanyamaza na haitashika tena.

Sasa yale masharti, na hapa nakuomba uende na tepu na kalamu.

Inama usome ubavu wa tairi. Pamoja na maandishi ya inchi, tafuta namba mbili zenye kistari, kwa mfano 37-590. Namba ya pili ni kipenyo, kwa milimita, cha pale tairi inapokaa kwenye rimu. Baiskeli ya gia nyingi nayo huitwa "ishirini na sita", lakini namba yake ni 559. Ni jina moja lenye tofauti ya milimita 31. Nimewahi kupokea mteja aliyesafiri na tairi mpya mapajani ndani ya basi, ameinunua kwa kutaja "ishirini na sita" tu. Tulihangaika nayo kwa spana mbili hadi waya wa ukingo ukapinda, haikuingia. Ilikuwa 559, na rimu yake ilikuwa 590. Mwalimu, andika namba hiyo, zunguka maduka mawili matatu ya hapo mjini, uliza tairi na tyubu za namba hiyo hasa. Wakiwa nazo, sharti limetimia. Zikipatikana kwa kuagiza tu, nunua jozi moja ya akiba siku hiyohiyo unayonunua baiskeli. Ukikosa kabisa, rudi kwenye Phoenix ya kike, na hapo napo angalia namba: nyingi ni 635, wakati tairi za inchi 28 za baiskeli nyembamba za kisasa ni 622. Haziingiliani.

Sharti jingine ni kiti. Keti, mtu akushikie baiskeli, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke bila nyonga kuinamia upande. Ukirudisha mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjika kidogo tu, na hapo ndipo mahali pake. Waendeshaji wengi wa baiskeli hizi hushusha kiti ili wakanyage chini kwa unyayo mzima, kisha wanashangaa goti linauma upande wa mbele. Kwa urefu wako bomba la kiti lililokuja nayo huenda likatosha, mradi alama ya mwisho ibaki imezama ndani ya fremu. Likiwa fupi, lichomoe uende nalo dukani ulinganishe unene, usikadirie kwa macho.

Kwenye keria tafuta kibandiko au chapa ya namba: 18, 25 au 27. Ni kilo inazoruhusiwa kubeba. Mchele wako na madaftari vinaingia hata kwenye 18, ila ukitaka kumpakia mtoto uwe na 27 pamoja na kiti chake. Fremu ya bomba moja la chini huyumba mzigo wa nyuma ukizidi, na utausikia usukani unacheza mikononi. Ukiusikia hivyo, punguza mzigo.

Kwa kuwa ni ya mtumba, inyanyue gurudumu la mbele, lizungushe, sikiliza. Likikwaruza, gololi zinataka grisi au zimekwisha. Pitisha kidole juu ya rangi pale bomba linapoungana na kichwa cha usukani, ukitafuta ufa au kutu iliyovimba. Kufuli ya gurudumu la nyuma ikiwa haina funguo, muuzaji aiondoe kabla hujalipa. Valvu zake kwa kawaida ni zile za mpira kama za Phoenix, hivyo pampu ya jirani itakutosha.

Na kiti usikipandishe hadi kimo chake siku moja kama umezoea kukaa chini. Panda sentimita moja, endesha siku tatu, kisha panda nyingine. Kiuno kikianza kuuma upya, usikishushe kwanza. Vuta usukani juu kidogo, bila kupita alama, ujaribu tena.