Fundi Umemwacha Nje

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho baba yako akiwa pembeni anatikisa kichwa. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu huwa unanikatiza.

Umeuliza hivi. Mnataka kwenda BRELA, kwa wasajili wa makampuni, kuandikisha kampuni ya programu ya simu itakayowashikia wenye maduka daftari la madeni. Mko watatu. Wewe unawajua wenye maduka. Rafiki yako wa chuo ndiye aliyetoa wazo, na bado ameajiriwa benki. Mtoto wa shangazi yako ana milioni sita. Programu yenyewe ataiandika kijana mmoja wa Sinza, "atalipwa akimaliza". Mgawane hisa sawasawa ili pasiwe na maneno, au vipi?

Unaikumbuka ile mashine ya kudurufu iliyokuwa stoo, uliyokuwa ukizungusha mpini wake mpaka unachafua shati? Ile ilikuwa kampuni. Mwaka 1996 hapa Morogoro shule zilikuwa zinahangaika kuchapa mitihani ya majaribio, na mimi, mwalimu mwenzangu mmoja na shemeji yake tukaona riziki. Mwalimu alileta wazo, na alifahamiana na wakuu wa shule. Shemeji alileta fedha ya mashine. Mimi nilishika hesabu, na usiku nilipiga chapa stensili. Hisa 300, kila mtu 100. Tukapongezana, tukala kuku.

Miezi mitano haijaisha, mwalimu akapata uhamisho wenye cheo. Hakukosea kuondoka, hata mimi ningeondoka. Ila aliondoka na hisa zake 100. Miaka mitatu nakesha, wino kwenye kucha, na katika kila shilingi tatu za faida moja ni ya mtu asiyejua hata rimu ya karatasi inauzwaje. Siku tulipotaka mkopo wa mashine kubwa, benki ikataka azimio lenye saini za wote watatu. Nilipanda basi mara mbili kumfuata. Mara ya pili alinikaribisha chai, akaniuliza kwa upole kabisa, "Na mimi napata nini?" Ningemjibu nini? Karatasi zilizompa haki hiyo nilizitia saini mwenyewe.

Lakini hilo lilipona. Lililonitoa kitandani usiku huu ni jingine.

Tulikuwa na fundi. Kijana mpole, asiye na maneno mengi. Mashine ikikwama aliinamisha sikio, akagonga mahali pamoja tu kwa mpini wa bisibisi, kazi ikaendelea. Kwenye makaratasi ya kampuni hakuwemo. Tulimlipa kwa wiki, na wiki nyingine tulimwambia avumilie. Msimu wa mitihani wa 1999, rimu 40 zimepangwa ukutani, hakuja. Alikuwa ng'ambo ya barabara, amepewa nusu ya biashara mpya. Kesho yake mashine yetu ikagoma. Niligonga kila mahali kwa bisibisi ileile.

Sasa itazame tena orodha yako. Mwenye wazo yumo, mwenye fedha yumo, mwenye mdomo yumo (ndiye wewe, usinune). Anayetengeneza kitu chenyewe yuko nje ya mlango anangojea malipo. Mmekuwa mama ntilie watatu, na hakuna anayejua kupika. Programu haiandikwi ikaisha kama ukuta. Mwenye duka wa Manzese atakwambia wateja wake anawaandika kwa majina ya utani, mwingine atataka deni la mkaa likae mbali na la mchele, na kila ombi litamrudia yule kijana ambaye mmeshamalizana naye.

Najua utaniletea habari za Marekani, kwa hiyo natangulia. Apple ilianzishwa tarehe 1 Aprili 1976 na watu watatu: Steve Jobs, Steve Wozniak na Ronald Wayne. Wozniak ndiye aliyebuni kompyuta yenyewe, na alikuwa na asilimia 45 sawa na Jobs. Fundi alikuwa ndani tangu siku ya kwanza. Wayne alipewa asilimia 10, na baada ya siku 12 akajitoa, akalipwa dola 800. Watu humcheka kwa utajiri alioukosa. Mimi simcheki. Ulikuwa ubia, deni la mmoja ni la wote, na Jobs alikuwa anataka kuchukua vifaa kwa mkopo. Wale vijana wawili hawakuwa na cha kunyang'anywa. Wayne alikuwa na mali yake, na tayari biashara moja ilikuwa imemfia mikononi. Alijipima, akaona hatoweza, akasema mapema. Mwalimu wetu angejitoa siku ya 12, ningemchinjia kuku wa pili.

Hata Wozniak mwanzoni alikuwa bado ameajiriwa Hewlett-Packard. Mike Markkula alipokuja na fedha zake alishikilia kwamba aache kazi kwanza. Sisemi rafiki yako aache benki kesho, ana watoto na mkopo wa mshahara. Lakini mwulize ataacha lini, na umwulize ana kwa ana, si kwa WhatsApp. Kama hana tarehe, basi ni mshauri wenu, na mshauri hapewi theluthi.

Kugawana sawasawa peke yake hakuna ubaya. Kilichotuumiza sisi ni kugawa zote siku ya kwanza. Huko Marekani wengi huziacha hisa ziive kwa miaka minne. Anayeondoka kabla ya mwaka hapati kitu, mwaka ukitimia robo ni yake, na zinazobaki zinaiva mwezi hadi mwezi. Mtafute wakili awaandikie kwenye mkataba wa wanahisa kwamba anayeondoka mapema atawauzia wenzake zile ambazo hazijaiva, kwa bei mtakayoiweka sasa mkiwa bado mnacheka pamoja. Na zako nazo ziive. Usiwafunge wenzako kamba wewe ukabaki huru.

Milioni sita za mtoto wa shangazi yako (naye shangazi yako asiione barua hii) ziandike kama mkopo, au mpe hisa chache zinazolingana na fedha yake, ikiwa mwenyewe hatafanya kazi. Milioni sita zitakwisha kabla ya masika. Theluthi ya kampuni haitakwisha. Ukishindwa kumwambia, nitaongea na wifi yangu mimi, ingawa Krismasi itakuwa ndefu mwaka huu.

BRELA haikimbii. Chukueni maduka matatu hapo Manzese, muwawekee hiyo programu hata kama ni nusunusu, wiki sita, na kijana wa Sinza awe mwenzenu katika hiyo kazi. Usiangalie nani anaongea vizuri. Angalia nani anapokea simu saa tatu usiku, mwenye duka analalamika deni la mchele limefutika, na nani alisema hesabu italetwa Ijumaa ikaletwa Ijumaa. Ushahidi, ile tovuti ya Kenya, ilizaliwa hivyo. Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zikiendelea, Ory Okolloh alitoa wazo kwenye intaneti la ramani ya matukio, David Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich wakaingia kazini, na ndani ya siku chache ramani ikawa hewani. Makaratasi ya taasisi yalifuata nyuma. Kufika hapo, kila mmoja alikuwa ameshamwona mwenzake akifanya kazi.

Kesho asubuhi nitaacha Msamvu mkungu wa ndizi, nitakupigia nikutajie basi. Baba yako anakusalimu.

Halafu, huyo kijana wa Sinza anaitwa nani? Ujumbe wako una dakika saba, na jina lake hukulitaja hata mara moja.

Mama yako