Kabla Hujapokea, Kabla Hujatupa: Maswali ya Wakutubi

Shikamoo Mwalimu. Profesa wetu amefariki, na mkuu wa chuo alitangaza msibani kwamba maktaba itapokea vitabu na karatasi zake zote. Familia inaleta maboksi 40 Jumatatu. Nianzie wapi? (Mkutubi, Morogoro)

Marahaba. Anza kwa kuwaomba wasilete Jumatatu. Boksi hata moja lisivuke mlango kabla hujaenda nyumbani kwa marehemu ukaona kwa macho yako. Piga picha za rafu na meza yake kama alivyoziacha, maana mpangilio wake ni sehemu ya kumbukumbu. Barua iliyochomekwa ndani ya kitabu, ukiitoa bila kuandika ilikuwa kitabu gani na ukurasa wa ngapi, umeshaipunguzia nusu ya maana.

Kisha hati ya zawadi. Asaini msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa hatoshi, hata akiwa ndiye anayepiga simu kila siku. Hati ieleze waziwazi kwamba umiliki wa karatasi unahamia chuoni; kama hakimiliki nayo inahama au inabaki kwa warithi, kwa sababu kumiliki barua hakukupi haki ya kuichapisha; karatasi zipi zifungwe na mpaka mwaka gani; na chuo kifanye nini na kile kisichokihitaji. Hilo la mwisho watu hulionea haya, wanadhani litawakwaza wafiwa. Chuo kimoja nilichofanyia kazi kilipokea maktaba nzima ya mtu bila mstari mmoja wa maandishi. Miaka 11 baadaye tulikuta zaidi ya nusu ni vitabu vya kiada tulivyokuwa navyo tayari, na hatukuweza kutoa hata kimoja, kwa kuwa hakuna aliyejua kama tulipewa au tuliwekewa amana. Rafu hizo bado zimejaa.

Maprofesa huacha pia mitihani ya wanafunzi, rufaa za alama na vyeti vya hospitali. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Karatasi hizo zichambuliwe kabla msomaji yeyote hajaletewa boksi mezani.

Maboksi yakifika, yakae chumba cha pembeni, mbali na ghala. Ukiona ungaunga kwenye mishono ya vitabu, dalili ya wadudu, vifunge kwenye mifuko ya plastiki isiyopitisha hewa, uvigandishe kwa nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi kwa wiki mbili, kisha uache mifuko irudi kwenye joto la chumba ndipo uifungue. Ukiharakisha, unyevu wa hewa utageuka maji juu ya karatasi. Umeme ukikatika katikati mpaka friza ikayeyuka, hesabu siku upya.

Tumeshaskani magazeti yetu yote ya zamani. Sasa tuyatupe ili tupate nafasi? (Nairobi)

Hapana. Swali hili nimelijibu mara tatu, na kila mara linarudi kana kwamba sikuandika kitu. Gazeti la Mambo Leo lilianza kuchapwa Dar es Salaam mwaka 1923. Mwenye juzuu za miaka hiyo ana kitu ambacho vyuo vingi havina. Kabla ya kuniandikia tena, fungua faili zenu ukurasa kwa ukurasa: tazama picha zilizogeuka madoa, kingo zilizokatwa, matoleo yaliyorukwa. Halafu ulizeni faili hizo ziko wapi. Nikiuliza hivyo, jibu ninalopewa ni kompyuta moja ya aliyekuwa msimamizi wa mradi, na mradi umekwisha.

Je, tupige muhuri wa chuo kwenye kila ukurasa wa miswada, yaani maandishi ya mkono, ili isiibiwe?

Usiguse mswada kwa wino. Andika namba kwa penseli laini, pembeni kwenye kona ya nyuma.

Ofisi ya fedha inataka tuuze nakala za ziada za vitabu adimu ili tununue viyoyozi. Wanasema nakala mbili za kitabu kimoja ni ubadhirifu. (Dodoma)

Waulize wamezilinganisha lini. Mwaka 1988 Maktaba ya John Rylands ya Manchester iliuza vitabu vya kale kwenye mnada wa Sotheby's kwa hoja hiyohiyo ya nakala za ziada. Wataalamu wa vitabu walipinga vikali, na walikuwa na haki. Enzi za kupanga herufi kwa mkono, makosa yalisahihishwa huku uchapaji ukiendelea, kwa hiyo nakala mbili za toleo moja huweza kutofautiana ndani. Jalada hutofautiana. Wamiliki waliovisoma hutofautiana.

Kwetu hapa nakala mbili za sarufi ya Kiswahili ya kimisionari zinaweza kuonekana mapacha, kumbe moja ina maelezo ya penseli ya mwalimu Mwafrika anayesahihisha mifano ya mwandishi. Hayo maelezo hayapo kwenye nakala nyingine yoyote duniani. Ziwekeni mezani mbili kwa pamoja, mzifungue ukurasa baada ya ukurasa, muandike tofauti. Mkikuta kweli hakuna, iulizeni kwanza maktaba ya chuo kingine kama inaihitaji. Kitabu cha chuo cha umma pia ni mali ya umma na kina utaratibu wa kufutwa kwenye orodha ya mali ambao ofisi yenu ya fedha inaujua vizuri. Wakianza kuuruka, kataa kusaini.

Viyoyozi mnavihitaji, hilo silipingi. Viombewe kwenye bajeti, kama viti na taa vinavyoombewa.

Shirika la nje linatupa kontena la vitabu vilivyotumika. Tuyaweke kwenye mkusanyiko maalumu, ule wa vitabu adimu na miswada?

Ni vitabu, kwa hiyo ni "tuviweke". Na msiviweke.

Mtu ameleta tenzi zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, anasema ni za babu yake wa Lamu. Anataka taslimu leo hii. (Mombasa)

Mwambie leo haiwezekani. Kama ni za babu, ana ndugu, omba kuwaona. Halafu fungua kurasa za mwanzo na za mwisho utafute neno wakfu. Miswada mingi ya pwani iliwekwa wakfu kwa msikiti, kwa madrasa au kwa wanafunzi, na cha wakfu hakiuzwi. Ukilikuta, kazi yako ni kuwatafuta wenye wakfu. Pitia pia katalogi zilizochapwa, ikiwemo ile ya J. W. T. Allen ya 1970 ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyoko maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uone kama unachouziwa kimetoka kwenye rafu za mwenzako.

Na hata kila kitu kikiwa halali, fikiria kama ni lazima mswada uhame. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi kumbukumbu zilizo hatarini. Wasomi wanasoma picha, na vitabu vimebaki Lamu. Unaweza kuipa familia hiyo huduma ileile pamoja na boksi zuri lisilo na asidi, kwa gharama ndogo kuliko bei anayoitaja huyo bwana.

Kitu kikishaondolewa, tunachana ukurasa wake kwenye rejista au tunaukata mstari tu?

Kuchana ni kosa kubwa. Piga mstari mmoja mwembamba ili namba iendelee kusomeka, uandike tarehe, sababu, kilikokwenda na saini mbili za watu wawili tofauti. Namba hiyo isipewe kitu kingine kamwe. Nakala ya rejista ikae nje ya jengo. Moto ulipoteketeza chumba cha kusomea cha Jagger, Chuo Kikuu cha Cape Town, tarehe 18 Aprili 2021, ghala za chini zilinusurika na moto lakini zikaingiwa na maji, na watu wakawa wanatoa maboksi mikononi siku baada ya siku. Siku kama hiyo ikifika kwenu, utahitaji kujua boksi namba 212 lilikuwa na nini, na kama lilikuwa bado lenu.